Watoto Sitini, Ukurasa Mmoja

Nafundisha Kiswahili darasa la tatu, na kwa miaka mingi niliamini kwamba watoto sitini wakiitikia kwa sauti moja, basi wote wanasoma. Siku moja nilimwita mvulana mmoja mezani, nikafunika picha ya ukurasa kwa kiganja, nikamwomba anisomee sentensi iliyo chini yake. Jana yake alikuwa ameusoma ukurasa ule pamoja na wenzake bila kukwama. Sasa kidole chake kilisimama kwenye neno "ng'ombe", akanitazama, akasema "nyumba". Siku zote alikuwa akisoma picha na sauti za wenzake.

Tangu hapo, kila muhula unapoanza humsikiliza kila mtoto peke yake: silabi, maneno, aya fupi, kisha hadithi. Ngazi za namna hii ndizo ambazo shirika la elimu la Pratham la India, na baadaye mpango wa Uwezo hapa kwetu Afrika Mashariki, wamezitumia kupima usomaji wa watoto, na kinachohitajika ni karatasi moja na subira. Kazi hii hunichukua karibu wiki mbili, nami siihesabu kuwa muda uliopotea, kwa sababu mtaala wa Tanzania ulioanza 2015 uliyapa madarasa mawili ya mwanzo jukumu la KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, hivyo mtoto anayefika la tatu bila kusoma hukuta masomo yameongezeka na huonekana hajui sayansi, ilhali kilichomshinda ni kusoma swali.

Baada ya kuwasikiliza huwagawa katika makundi kwa ngazi walizofikia. Hadithi hubaki moja kwa darasa zima, ila kazi hutofautiana. Kundi la silabi hupanga vizibo vya soda nilivyoviandika silabi hadi vitoe maneno ya hadithi ileile; wa aya husomeana wawiliwawili; wanaosoma vizuri huandika maswali ya kuwauliza wenzao. Mimi huketi na wa silabi, maana ndio wasioweza kusonga bila mtu mzima karibu.

Mama mmoja aliniuliza kwa uchungu, "Mwalimu, mwanangu mmemweka na wajinga?" Swali lile lilinikaa moyoni, kwani kundi lisilobadilika mwaka mzima huwa kweli jina la aibu. Ndiyo maana sasa hupima upya kila baada ya wiki tatu, na anayekuwa tayari kabla ya hapo simcheleweshi.

Wiki iliyopita yule mvulana alifika kwenye neno "kunywa". Akasema "ku", akasita, midomo ikijaribu sauti kimyakimya, kisha akalimalizia: "nywa". Nilimhamishia kundi la maneno asubuhi ileile.