Mwanasesere wa Kongowea

Leo asubuhi nimetoka soko la Kongowea na mwanasesere ndani ya kikapu, chini ya mchicha.

Ni wa 17 huyu. Nami nina miaka 36.

Nilimtoa kwenye rundo la mitumba, nywele zimesokotana, kiatu kimoja hakipo. Ni Barbie. Mgongoni ana chapa ya 1966. Wengi hudhani huo ndio umri wake, kumbe ni mwaka wa hakimiliki ya kiwiliwili tu. Huenda alitengenezwa miaka mingi baadaye.

Kwenye matatu, mama aliyekaa kando yangu akamwona.

"Wampelekea binti yako?"

"La, mama. Ni wangu."

Akanyamaza. Akageukia dirishani.

Kimya kile kimeniuma hadi saa hii.

Nimefika nyumbani nikamwosha. Ndipo nikaona upindo wa gauni lake. Umeshonwa kwa mkono, uzi wa kijani kwenye kitambaa cha buluu, mishono midogo midogo kama ya kofia ya viua. Si kazi ya mtoto ile. Kuna mtu mzima, sijui wapi, aliyeketi akamshonea kwa subira.

Nimeushika upindo ule muda mrefu.

Watu wazima hukusanya stempu na sarafu, hawaambiwi kitu. Mimi huwashonea wangu leso kwa vipande anavyobakisha fundi, na moyo wangu hutulia.

Jamani, nyinyi mwaonaje? Ni utoto huu? Na wewe waweka nini ambacho huwaonyeshi wageni?