Saa 24 na nyaya kifuani

Moyo wangu una tabia ya mtoto mtundu: mgeni akiingia, unatulia. Mwaka huu nimepimwa ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, mara tatu na karatasi inatoka safi. Kipimo chenyewe ni sekunde kumi tu. Nikirudi kwenye cherehani yangu, unaanza: du, du, dududududu, halafu kimya, kama umesahau zamu yake.

Safari hii daktari akasema, "Mama, tutaufuata hukohuko kwako." Nikabandikwa stika tano kifuani, nyaya, na kidude kikubwa kidogo kuliko kiberiti, kinaning'inia shingoni. Kinaitwa Holter, kinarekodi mapigo ya moyo mchana na usiku. Na nisioge mpaka kesho. Dar, mwezi wa pili, nisioge!

Jina ni la Norman Holter, Mmarekani wa Montana. Mashine yake ya miaka ya 1940 ilibebwa mgongoni, kilo 38 hivi. Mfuko wa saruji ni 50, kwa hiyo sikulalamika sana.

Ila kamba ilinikwaruza shingo. Nikachukua kipande cha khanga kilichobaki, nikashona kifuko cha kufunga kiunoni, nikakiachia kitundu cha kupitisha nyaya. Mchana stika moja ikabanduka kwa jasho. Bahati nilipewa mbili za akiba.

Kulikuwa na karatasi ya kuandika kila ninachofanya:

Saa 4:10 asubuhi, nakata kitambaa.
Saa 8:25 mchana, mteja wa gauni la sendoff anagomba, moyo mbio, nimebonyeza kitufe.
Saa 1:00 usiku, chai na maandazi mawili. (Yalikuwa manne.)

Majibu yakanichanganya. Pale nilipobonyeza hapakuwa na kitu, moyo ulikimbia kwa hasira tu, mwendo wake sawasawa. Kumbe saa 9 usiku, nimelala fofofo, vyumba vya juu vya moyo vilitetemeka ovyo dakika 40 nzima. Sikuhisi chochote! Daktari akanieleza kwamba vikitetemeka hivyo damu hutuama humo, inaweza kuganda, na donge likipanda kichwani ndiyo kiharusi. Nimeanza dawa ya kuzuia damu isigande, na mkasi sasa naushika kwa adabu.

Niliporudisha kifaa, muuguzi alikigeuzageuza kile kifuko.

"Fundi, hiki shilingi ngapi? Nataka vitano, kimoja kiwe cha kijani."