Mvua Ilisikia Nini?

Tangu nihamie Leipzig, Ujerumani, nimejikuta nikiishi katikati ya vitabu nisivyoweza kuvisoma. Huu ni mji wa vitabu hasa: hapa ndipo ilipoasisiwa, mwaka 1912, maktaba iliyopewa kazi ya kukusanya vitabu vyote vya Kijerumani, na hapa ndipo yalipoanzia, mwaka 1867, yale matoleo madogo ya kampuni ya uchapishaji ya Reclam ambayo leo maduka ya vitabu huyapanga ukutani, njano tupu. Kwa mtu aliyezoea kufungua ukurasa wowote na kujua kwa aya moja kama mwandishi anamfaa, kusimama mbele ya ukuta ule na kuambulia neno mojamoja ni jambo linalouma.

Karibu na ninapokaa kuna kabati la vitabu la mtaani, lenye milango ya kioo, ambamo mtu huchukua kitabu akitakacho na kuacha kingine akipenda, bila kuandikishwa popote. Humo nilipata kitabu cha watoto ambacho kurasa zake zilikuwa zimelegea, na nilikaa nacho wiki tatu.

Jinsia tatu za nomino hazikunitisha, maana aliyelelewa na ngeli hashangazwi na der, die na das. Kilichonikwamisha ni sentensi moja fupi: Der Regen hörte erst am Abend auf. Kwa kuwa nilijua kwamba hörte ni "alisikia", nilielewa kuwa mvua ilisikia jambo fulani jioni, nikaona ni tashihisi nzuri ya kuwafurahisha watoto, nikaendelea. Kurasa mbili mbele hadithi ilikataa kushikana. Nikarudi na kamusi, na ndipo nilipotambua kwamba kile kijineno auf, kilichokaa mwisho kabisa, ni kipande cha kitenzi kilekile, na kwamba vikiungana maana yake ni kukoma. Mvua haikusikia chochote. Ilikoma, tena jioni. Sisi huviweka nafsi, wakati, ukanushi na mtendwa ndani ya neno moja, kama hatukumwambia, ilhali vitenzi vya Kijerumani vya namna hii hukatwa viwili na msomaji akangojeshwa hadi nukta.

Sasa nasoma zaidi matoleo ya Reclam yenye jalada la rangi ya chungwa, ambayo huweka matini ya asili upande mmoja na tafsiri ya Kijerumani upande wa pili. Nachagua yaliyotoka Kiingereza, lugha niliyosomea shuleni, kisha naziba ukurasa wake kwa kiganja hadi nitakapokwama. Wapo wanaonishauri nitumie programu ya tafsiri kwenye simu. Programu hunipa maana, lakini sauti ya mwandishi hupotea, nami napenda vitabu kwa ajili ya sauti hiyo.

Kile kitabu cha watoto nilikirudisha kabatini, na kando yake nikaacha diwani ya Kiswahili niliyotoka nayo nyumbani. Nilipopita Jumamosi iliyofuata, diwani haikuwapo.