Mwezi wa uumbaji, udongo mkavu

Jumapili, 1 Septemba

Leo makanisa mengi yanaanza Majira ya Uumbaji, yatakayokwisha tarehe 4 Oktoba, sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Patriaki Dimitrios wa Konstantinopoli ndiye aliyeitenga siku ya leo mwaka 1989 iwe ya kuombea uumbaji. Mwaka 2015 Papa Fransisko akaiingiza kwa Wakatoliki. Huko kwao, Konstantinopoli na Roma, joto linaanza kupungua na mvua hazipo mbali. Moshi au Machakos ni kiangazi kikavu, na bado leo ndipo makanisa yetu yanapopanda miti. Mgeni rasmi anakaribishwa, mche unashikwa na mikono sita, picha inapigwa, ndoo ya maji inamwagwa. Krismasi ikifika kimebaki kijiti.

Kufa kwake si fumbo. Kitaluni mche ulinyweshwa kila siku chini ya kivuli, na mizizi yake yote imo ndani ya kiriba, kile kifuko cha plastiki. Ukiuzika kwenye udongo mkavu, udongo huo ndio unaounyonya mche, huku majani yakizidi kupoteza maji kwa jua na upepo. Maji ya ndoo ile hayamalizi wiki. Sala iliyosaliwa juu ya shimo haina kosa lolote. Kosa ni la kalenda.

Wala Biblia yetu haikutuficha. Mwanzo 8:22, pale ambapo lugha nyingine zinataja kiangazi na kipupwe, watafsiri wa Union Version waliandika "wakati wa kaskazi na wakati wa kusi". Napenda sana uamuzi ule. Ni somo zima la hali ya hewa ndani ya maneno machache, majina ya pepo mbili za msimu: vuli hunyesha kusi ikichoka na kaskazi bado haijashika, Oktoba hadi Desemba, masika hunyesha kaskazi ikiipisha kusi, Machi hadi Mei. (Mbeya, Songea na Dodoma wana msimu mmoja, kwa hiyo upandaji wao ni Desemba na Januari.) Mungu aliyeahidi kwamba majira hayatakoma hakuahidi kuyasogeza yalingane na ratiba ya ibada.

Basi Septemba tufanye nini? Tuchimbe. Shimo la sentimita 60 kwa 60, kina 60. Udongo wa juu, ule mweusi, uwekwe upande mmoja, na wa chini upande wa pili. Ule wa juu uchanganywe na debe moja la samadi iliyoiva, urudishwe shimoni, kisha ule wa chini ujengewe kingo upande wa mteremko ili kukinga maji. Samadi mbichi hupata moto na kuunguza mizizi, na mchwa huifuata. Kitaluni nako miche ianze kukomazwa wiki nne kabla ya kupanda: kivuli kipunguzwe, maji yapunguzwe hatua kwa hatua, na mizizi iliyotoboa kiriba na kuingia ardhini ikatwe.

Mvua ya kwanza isikudanganye. Manyunyu ya Oktoba mara nyingi hufuatwa na jua la majuma mawili. Chimba kwa panga. Udongo ukiwa umelowa hadi kina cha sentimita 30, panda. Pasua kiriba kwa wembe na ukiondoe chote. Kinachoniudhi kuliko vyote ni hiki: unang'oa mche uliokufa, unatoka na plastiki yake nyeusi, mizizi imejizungusha ndani kama kiota. Mizizi iliyojikunja chini ikatwe kwa wembe huohuo. Usawa wa udongo uwe uleule wa kwenye kiriba, ushindiliwe kwa kisigino, matandazo (nyasi au majani makavu) yawekwe, ila yasiguse shina.

Mkaratusi usiusogeze karibu na chemchemi, hata kama kitalu kinaugawa bure. Kando ya maji panda mkuyu. Uwanjani mringaringa au mfuruanje.

Kisha mbuzi. Kaskazini mwa Ethiopia, misitu mingi ya asili iliyobaki imezunguka makanisa ya Kiorthodoksi. Mwanaikolojia Alemayehu Wassie, akishirikiana na Margaret Lowman wa Marekani na mapadri wenyewe, alisaidia kujengwa kwa kuta za mawe kuizunguka baadhi yake. Mbegu zilikuwa zikidondoka siku zote. Ng'ombe walikuwa wakila na kukanyaga kila kilichochipua. Huko mawe yaliokotwa mashambani. Kwetu miiba inatosha, mradi iwekwe siku ileile ya kupanda.

"Ailime na kuitunza," inasema Mwanzo 2:15, na ripoti zetu hujaza safu ya kwanza tu: miche iliyopandwa. Septemba ndio mwezi mzuri wa kujaza ya pili, miche iliyo hai, kwa sababu mche uliofika leo ukiwa hai umeshavuka sehemu kubwa ya kiangazi chake. Vijana wa kipaimara wawili wawili, daftari, na kucha ya kukwaruza gome: pakiwa kijani chini yake, yu hai; pakiwa kahawia na pakavu hadi chini, shimo lake lichimbuliwe upya kabla ya vuli.