Kemia: nilivyoamua nianze lini, na nianzie wapi

Wenzangu kadhaa walianza kujiandaa na mtihani wa mwisho wa Kemia mwaka mzima kabla. Kila nilipowaona wamekumbatia madaftari, roho ilinidunda. Nikamuuliza kaka yangu, ambaye alishaupita mtihani huo, kama nimechelewa. Akasema, "Utajuaje? Chukua mtihani mmoja wa miaka ya nyuma, jifungie chumbani, fanya bila daftari. Ukimaliza njoo tuongee."

Ilikuwa imebaki miezi mitano. Niliufanya, nikausahihisha mwenyewe, nikapata 41 kwa 100. Kaka alicheka, kisha akanitaka nimwonyeshe kila alama ilipopotelea.

Hapo ndipo nilipofumbuka macho. Mfano, swali la titresheni, yaani kupima ukolezi wa myeyusho kwa kuumaliza na myeyusho mwingine: sentimita za ujazo 25 za hidroksaidi ya sodiamu, ukolezi wa moli 0.1 kwa lita, zimemalizwa na sentimita za ujazo 20 za asidi ya salfuriki. Ukolezi wa asidi ni upi? Niliandika 0.125. Jibu ni 0.0625. Molekuli moja ya asidi hiyo hula mbili za hidroksaidi, nami nilizihesabu moja kwa moja. Swali lililofuata nilikosa kwa kusahau kugeuza sentimita za ujazo kuwa lita. Kwa hiyo Kemia yenyewe niliijua kiasi. Kilichoniangusha ni uwiano na vipimo, mambo ambayo hayakaririki.

Upande wa pili kulikuwa na makosa ya kusahau tu. Rangi za mashapo, yaani vitu vigumu visivyoyeyuka vinavyotokea kwenye myeyusho ukitia hidroksaidi ya sodiamu au amonia, kwa mfano: ayoni za chuma (II) hutoa kijani, chuma (III) kahawia yenye wekundu. Zinki na aluminiamu zote hutoa meupe yanayoyeyuka hidroksaidi ya sodiamu ikizidi, ila kwenye amonia iliyozidi ni ya zinki tu yanayoyeyuka. Hayo niliyajua vizuri muhula uliopita na yote yalikuwa yamenitoka.

Ndipo nikapata jibu la swali langu la "lini", na lilikuwa mawili. Moli, milinganyo, msawazo wa kikemia na hesabu za umeme kupita kwenye myeyusho nilizianza siku ileile, maswali matatu kila jioni, hata siku nilizochoka. Rangi, majaribio ya gesi, masharti ya viwandani na majina ya kemia ya kaboni niliyasogeza hadi wiki sita za mwisho. Nilijua nikiyakariri mapema yatanitoka tena, nirudie kazi.

Nilikuwa na daftari dogo la makosa. Sikuandika jibu sahihi humo. Niliandika nilichokuwa nawaza nilipokosea. "Nimeharakia kikokotoo." "Nimesoma anodi nikajibu kathodi." Baada ya mwezi niliona sentensi tatu zinajirudia kurasa zote, na hizo tatu nikaziandika kwenye karatasi juu ya meza.

Mtihani kamili nilifanya kila Jumamosi asubuhi, saa ileile ya mtihani wenyewe, saa ya mkononi ikiwa mezani. Mbili za mwanzo sikumaliza. Nilikuwa naganda kwenye swali gumu kwa dakika ishirini huku maswali ya bure yakinisubiri nyuma. Nikajiwekea sheria: dakika mbili bila kuandika kitu, ruka.

Nikiri kwamba kemia ya kaboni sikuitendea haki. Wiki sita zilitosha kwa majina, hazikutosha kwa njia za kutoka alkoholi hadi esta. Ningeanza tena, hiyo ningeihamishia kwenye kundi la mapema. Na kuna rafiki yangu aliyeanza wiki tatu tu kabla, akanipita. Yeye hesabu za uwiano zilikuwa kwenye damu tangu zamani. Kilichobaki kwake kilikuwa kukariri, na kwa kukariri wiki tatu si haba.

Siku ya mtihani, swali la esta lilikuja na nikaambulia nusu ya alama zake. Titresheni nayo ilikuja: asidi ya salfuriki tena, safari hii na hidroksaidi ya potasiamu. Kabla sijagusa kikokotoo niliandika 2:1 pembeni ya karatasi, nikaizungushia duara.