Wameandikwa Kwenye Burudani

Assalaamu alaykum ndugu zangu.

Wiki hii moyo wangu umeshughulishwa na karatasi moja ya ratiba. Kuna sherehe ya kisiasa inapangwa hapa Lamu, wakubwa watakuja, nami nilikuwa miongoni mwa walioitwa kuipanga. Wazungumzaji wakaandikwa: shekhe wa dua, mchungaji wa sala, mwakilishi wadi, mbunge, mgeni wa heshima. Mmoja wetu akawakumbuka Waaweer, jamii ndogo ya msitu wa Boni, akauliza, "Na Waaweer je?" Akajibiwa, wala si kwa ubaya, "Wamo, tazama hapo chini." Nikatazama. Wameandikwa kwenye burudani. Kina mama wa ngoma ya lelemama nao wako papo hapo.

Yaani watu watoke kwao Basuba, kwa njia ile tunayoijua, waje uwanja wa Mkunguni hapa mjini wacheze, wapigwe picha, wapewe soda, warudi.

Katiba ya mwaka 2010 inataka walio wachache washirikishwe katika uongozi, kifungu cha 56. Hayo nawaachia mawakili. Mimi limenishika la siku Makka ilipofunguliwa, mwaka wa 8 Hijria. Ile nayo ilikuwa siku ya dola: mji umesalimu amri, makabila yanatazama. Mabwana wa Kikureshi walikuwapo, wenye majina na nasaba, wengine ndio kwanza wanasilimu. Mtume (s.a.w.) akamwita Bilal, Mhabeshi aliyekuwa mtumwa katika mji ule ule, apande juu ya Kaaba aadhini. Imepokewa kuwa wakubwa walinung'unika, mmoja akashukuru kwamba babake alikufa asiione siku ile.

Bilal hakuwekwa pembeni aonekane tu kwamba watumwa nao wamo. Alipewa sauti, na ile adhana iliwahusu wote, mabwana pia. Hakuitwa kuzungumzia utumwa.

Na Ibn Ummi Maktum, yule kipofu ambaye Sura ya Abasa ilishuka kwa ajili yake, baadaye akawa muadhini wa Madina, na Mtume aliposafiri aliwahi kumwachia mji.

Sasa sisi! Mzee wa Kiaweer akishika maikrofoni, mshereheshaji keshamsogelea sikioni: "Mzee, salamu tu." Mbunge atasema mpaka Adhuhuri yaingia, hakuna wa kumvuta kanzu. Mzee akilifikia neno la zahanati, au la msitu ambao tangu operesheni za usalama hawaingii kurina asali kama zamani, muziki unapandishwa. Kisha picha yake tunaituma kwenye WhatsApp, chini yake "Lamu ya wote". Muogopeni Mwenyezi Mungu, enyi wenye kupanga ratiba. Mtu mkimwita kwa sharti asiseme lililomleta, hamkumwita. Mmeazima sura yake.

Ya kina mama sitayarefusha. Wanaoendesha vikundi na madrasa za mji huu tunawajua, na kusema wanajua kutushinda.

Wala tusijidanganye kuwa haya ni ya Makka ya kale. Habib Swaleh, mwanachuoni aliyeasisi msikiti wa Riyadha, alipowakalisha darasani wana wa watumwa, waungwana wa hapa hapa Lamu hawakupendezwa. Hakurudi nyuma. Riyadha ikasimama Langoni, na kila Maulidi tunakaa pale mkeka mmoja, matari yanalia, hakuna anayeuliza nani mjukuu wa nani. Tukitoka tunachora ratiba kana kwamba hatukuwapo.

Basi ukiwa kwenye kamati, iwe ya kuapishwa kiongozi au ya Mashujaa Dei, muulize mzungumzaji anataka kusema nini kabla ya kumhesabia dakika. Mtie kabla ya mgeni wa heshima, maana mgeni akishasema viti huwa vitupu. Na kama Kiswahili kinamwia kizito, atafutwe wa kumfasiria, naye alipwe kama anavyolipwa mpiga picha.

Wabillahi tawfiq.