Picha ya yule kijana

Alhamisi

Jana saa tatu usiku nilikuwa naepua chai, simu ikaanza kulia mfululizo. Kwenye grupu letu la mtaa, hapa Ngamiani, Tanga, mtu kaweka picha ya kijana wa bodaboda mwenye koti la kijani: "Huyu anaiba watoto, sambazeni." Juu yake mishale miwili, ile alama ya ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi. Tangu Aprili 2020 WhatsApp imezibana meseji za namna hiyo, huwezi kuipeleka kwa zaidi ya mtu mmoja au kundi moja kwa mpigo. Lakini kundi moja lenye watu mia tatu linatosha kabisa kumuua mtu.

Nikaifuta kwa wote. Uwezo huo maadmini tulipewa 2022. Kabla ya hapo ungebaki kumbembeleza mwenyewe aifute. Nikafunga grupu, nikampigia mwenyekiti wa mtaa, kisha nikaandika: "Picha nimeiondoa mimi. Hakuna mtoto aliyepotea hapa kwetu. Aliyeihifadhi naomba aifute. Asubuhi nafungua."

Zamani ningemtoa aliyeituma, basi. Mwaka juzi nilimtoa mzee mmoja kwa mabishano ya siasa, bila kumwambia neno. Alipofiwa na mkewe, pole zote zilimiminika kwenye grupu, yeye hakuona hata moja. Nilikwenda msibani nikashindwa kumtazama usoni. Bado inaniuma.

Safari hii nikapiga simu.

"Mama Rehema, samahani kwa usiku huu. Ile picha umeipata wapi?"

Kimya kidogo. "Kwa shemeji yangu, Muheza. Niliogopa, dada. Rehema anarudi shule peke yake."

Tuliongea karibu nusu saa, mengi yakiwa ya njia ya shule, pale kwenye pagala. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 sikuitaja. Mtu mwenye hofu ukimtishia polisi ataitikia tu, halafu uvumi ataupeleka kule usikouona.

Leo saa kumi na mbili asubuhi nimefungua. Wa kwanza kuandika ni yeye: nani anapita njia ya shule saa nane mchana, watoto watembee pamoja? Wanne wameshajibu.

Yule kijana simjui, wala sijui yuko mji gani. Picha yake bado inatembea. Jioni nitatafuta namba za maadmini wa mitaa ya jirani.